Kilo 10 za dagaa zilizoota kuvu: kisa cha wifi yangu, soko la Kibirizi na mbalamwezi

Hiki kisa nimekaa nacho karibu mwezi mzima bila kukiandika kwa sababu kiliniuma, ila watu wanazidi kuniuliza nikija Kigoma nile nini, ninunue nini, nibebe nini kupeleka nyumbani, na kila nikijibu najikuta narudi kwenye kosa lile lile tulilofanya mimi na wifi. Kwahiyo bora nikieleze chote.

Wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, anaishi Tanga, ana mgahawa wake mdogo Ngamiani, anapika wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mapishi ya pwani yale unayoyajua. Miaka yote anasikia dagaa wa Kigoma, dagaa wa Kigoma, na wateja wake wanamuulizia, ila wanaomfikia kule anasema hajui hata wametoka wapi, wengine ukiwatafuna ni wachungu na wana mchanga. Mwezi wa 11 akapanga safari, akapanda basi mpaka Kigoma, akafika Alhamisi usiku amechoka kabisa na kurudi ilikuwa Jumapili alfajiri. Siku mbili tu. Alipokaa chini tu akaniambia, "Wifi, mi nataka nionje kila kitu cha huku kwenu, halafu Jumapili niondoke na kilo 10 za dagaa safi za kuanzia biashara."

Ijumaa ilienda vizuri na ngoja niisimulie kidogo maana nayo imo kwenye kisa. Asubuhi tulienda soko la Mwanga. Mtu wa pwani ukimwingiza Mwanga kitu cha kwanza kinachomshangaza ni rangi ya mawese, zile chupa zimepangwa mezani nyekundu inayokaribia chungwa, na asubuhi ile ya mvua nusu ya chupa yalikuwa yameganda chini na juu ni maji maji, akaniuliza kama yameharibika. Hapana, mawese ndivyo yalivyo, baridi ikipiga yanaganda, ukiyaweka karibu na moto yanarudi. Michikichi iko mingi sana Kigoma, tunda likichemshwa na kukamuliwa unapata mawese kwenye nyama ya nje, halafu ile kokwa ya ndani inatoa mafuta mengine tunaita mise, yale wengi wanatengenezea sabuni. Nikamwambia anuse kabla ya kununua, mawese mapya yana harufu tamu ya tunda, yaliyokaa sana yanakera koo.

Tukanunua na sombe. Sombe ni kisamvu hicho hicho, neno tumechanganyika nalo na ndugu zetu wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, ila mapishi ndo yanatofautiana. Wao Tanga wanatia tui la nazi, sisi mawese. Ukishatwanga kwenye kinu unachemsha muda mrefu bila kufunika sufuria, hilo wifi alikuwa analijua vizuri, jani la muhogo lina sumu yake na lazima itoke na mvuke, halafu mawese unatia yale majani yakiwa bado yanachemka ili yaingie ndani, sio unamwagia juu wakati wa kupakua. Tukala na ugali wa muhogo. Ugali wetu unavutika, ukikata tonge linakufuata mkono, na una ule uchachu kwa mbali kwa sababu muhogo unalowekwa siku kadhaa ndo uanikwe na kusagwa. Tonge la kwanza wifi alilitafuna kwa mashaka, la tatu akanyamaza, sahani ikaisha. Nilifurahi sana jamani, sana, maana chakula cha kwetu watu wengi wanakionea haya na kumpikia mgeni wali.

Sasa Jumamosi.

Tuliondoka na bajaji mapema kwenda Kibirizi. Kwa asiyepajua, Kibirizi ni mwalo upande wa kaskazini wa mji, ndipo boti za abiria zinapoondokea kwenda vijiji vya kaskazini na hifadhi ya Gombe, na ndipo dagaa wengi wanaposhushwa, kuanikwa na kuuzwa. Siku ya kawaida ukifika saa moja asubuhi unakuta ufukwe wote unang'aa, kinamama wameinama wanasambaza dagaa kwa mikono, mmoja anamwaga beseni mwingine anatawanya, na jua likipanda ziwa na mchanga vyote vinawaka fedha.

Siku ile ufukwe ulikuwa mtupu. Vipe vimevutwa vimefungwa (kipe ni kile chombo cha kuvulia dagaa kwa wavu wa kuinua, mitumbwi miwili imeunganishwa), vijana wamekaa kivulini wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti, taa za kuvulia zimefunikwa na turubai. Samaki wabichi waliokuwepo ni wachache mno, migebuka michache imekaa kwenye beseni na bei yake haisemeki. Na mimi niliyezaliwa hapa nikaangalia yale yote na sikujiuliza swali hata moja. Akili yangu ilikuwa kwenye ratiba ya mgeni, kesho anaondoka, dagaa lazima wapatikane.

Tukaingia kwenye vibanda vya dagaa wakavu. Muuzaji wa kwanza bei yake ilikuwa juu, wa pili hivyo hivyo, wa tatu akatuita, "Karibuni mama zangu, nawafanyia bei ya ndugu." Bei yake ilikuwa chini kabisa kuliko wenzake. Kiroba chake kimefunguliwa mdomo, dagaa wa juu wazuri, weupe, wamenyooka. Wifi akachota wa juu akatafuna, akasema hawana uchungu, ndo hawa. Akabembeleza tena bei ikashuka kidogo, tukapimiwa kilo 10. Halafu kwa sababu ya basi, asije abiria akalalamika harufu, tukanunua nailoni nzito, tukafunga dagaa ndani yake kwa kamba mara mbili, ndo tukatia kwenye kiroba na kushona mdomo.

Mchana tulienda Ujiji kumalizia. Tukapita pale penye makumbusho ya Livingstone, pale walipokutana na Stanley mwaka 1871, wifi akapiga picha chini ya mwembe, halafu tukakaa kwenye benchi la wazee wa kahawa. Kahawa chungu kwenye vikombe vile vidogo, na kashata. Wifi alisema hapo ndo alijisikia yuko nyumbani, Ujiji ina ule uswahili wa pwani kabisa, kanzu, bao, salamu ndefu. Kahawa yenyewe inalimwa hapa hapa mkoani, milima ya Kalinzi wanalima kahawa nzuri sana na watu wengi wa mjini hawajui. Pombe ya ndizi hatukuigusa, wifi ni mtu wa swala.

Jumapili alfajiri akaondoka, kiroba kwenye buti la basi. Akafika Tanga Jumatatu usiku, akafungua Jumanne asubuhi. Akanipigia video. Sikuhitaji maelezo. Alipofungua nailoni ndani kulikuwa na matone ya maji, dagaa wa katikati wamegeuka rangi ya kutu, na kwenye matumbo kuna vinyuzi vyeupe kama pamba. Akatia mkono mpaka chini akatoa konzi, wamegandana na wana mchanga. Wifi hakunilaumu, alisema tu, "Wifi, nimeshawaahidi wateja." Hilo ndo lililoniuma.

Mume wangu na ndugu zake hitimisho lao lilikuwa jepesi, yule mama wa kibanda cha tatu ni mwizi, ametuuzia mzigo mbovu. Mi nilikataa kuishia hapo. Jumatano nikarudi Kibirizi nikakaa na mzee mmoja wa kipe nikamweleza kila kitu, na swali lake la kwanza halikuwa mmenunua kwa nani wala kwa bei gani. Aliniuliza, "Mmenunua giza au mbalamwezi?"

Basi nikajishika kichwa. Kila mtoto wa Kigoma anajua hili. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mchana wanakaa chini kwenye maji, usiku wanapanda juu kufuata vile vijidudu wanavyokula, na wavuvi wanawasha taa, zamani karabai siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanakusanyika kwenye ule mwanga ndo wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu tena, dagaa wametawanyika, unachoma mafuta ya injini bure. Kwahiyo siku zile za mwezi mkubwa, siku kadhaa kabla na kadhaa baada, kama wiki hivi, vipe vinapumzika, nyavu zinashonwa. Hiyo ndo mbalamwezi. Siku zinazobaki, hasa mwezi ukiwa haupo kabisa, ndo giza, na giza ndo msimu wa kula Kigoma.

Wifi alifika mwezi ukiwa mpevu. Jumamosi ile Kibirizi nzima hakukuwa na dagaa mpya hata mmoja, chochote tulichonunua kilikuwa ni mabaki ya giza lililopita. Hilo peke yake sio kosa, dagaa aliyekauka vizuri anakaa miezi. Ila ongeza mvua. Mwezi wa 11 huku mvua zimeshaanza, na zile siku za mwisho za giza zilinyesha mfululizo, mimi mwenyewe nguo zangu zilikaa kwenye kamba siku mbili. Dagaa anayeanikwa mchangani mvua ikimkuta hana pa kukimbilia, maji yanatoka juu na mchanga wa chini umelowa, na kila akigeuzwa anabeba mchanga mwingine. Waliokuwa na vichanja, zile meza za miti zimetandikwa wavu, walifunika turubai haraka, upepo ukapita juu na chini, wakaokoa mzigo wao. Ndo wale wauzaji wawili wa kwanza waliokuwa na bei ya juu! Bei yao ilikuwa inatuambia kitu na sisi tukaisikia kama tamaa.

Dagaa wetu ana mafuta, ni wa ukoo wa sadini, tofauti na yule wa Ziwa Victoria anayeitwa dagaa wa Mwanza ambaye ni jamii nyingine kabisa ya samaki ingawa jina ni moja. Yale mafuta ndo utamu wake na ndo hatari yake, asipokauka haraka yanageuka, ndo ile rangi ya kutu na harufu inayokwaruza. Kwahiyo ukiona dagaa wa Kigoma amekuwa mwekundu mwekundu usiambiwe ni aina yake, huyo amechelewa kukauka au amekaa vibaya.

Halafu ile nailoni. Hapa ndo sehemu yangu mimi na wifi na hakuna wa kumsukumia. Dagaa wakiwa na unyevu hata kidogo, ukawafunga pasipo hewa, ukawatia kwenye buti la basi lenye joto siku mbili, maji yanatoka mwilini yanagonga nailoni yanarudi kama matone, unakuwa umewatengenezea kuvu nyumba. Wangekuwa kwenye kiroba kitupu kinachopumua pengine nusu ingepona. Tuliogopa harufu kwa abiria tukapoteza mzigo mzima.

Wifi aliniuliza kama awaanike upya, awakaange kwa mafuta mengi auze hivyo hivyo, hasara ipungue. Nilimwambia hapana na ningemwambia hapana mara mia. Kuvu ukiianika inakauka kwa macho, sumu yake haiondoki kwa jua wala kwa kikaango. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, mahindi ambayo yalipikwa ugali kama kawaida. Mgahawa una wazee, una watoto. Akamwaga zote, na najua ilivyomchoma.

Kwa yule mama wa kibanda nilirudi pia. Nilibeba picha kwenye simu nikamwonyesha, sikwenda kwa ugomvi. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Dada, walinyeshewa wakiwa mchangani. Nimewaanika siku mbili jua limekataa. Marejesho ya kikundi yalikuwa Jumatatu." Wa juu kwenye kiroba walikuwa wazuri kwa sababu ndo waliopata jua na hewa pale kibandani kila siku, wa chini walikuwa hawajawahi kukauka. Alijua? Nadhani alijua, na alitakiwa kutuambia, hilo simsamehi kirahisi kwa sababu chakula ni uhai wa mtu. Ila pia nimekaa nikafikiria, mtaji wake wote uko kwenye mchanga na wingu likija hana paa, mwenzake mwenye kichanja na turubai ameshinda kabla ya soko kufunguliwa. Ukitaka dagaa safi Kigoma dai vichanja, nunua kwa wenye vichanja hata kama bei imezidi, wengine watafuata.

Sasa tulichofanya mara ya pili, maana kisa hakikuishia kwenye hasara.

Nilisubiri giza. Kama wiki mbili tangu ile Jumamosi, mwezi ukaisha kabisa, yule mzee akanitumia meseji fupi, "vipe vimeingia." Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Kibirizi, na hapo ndo nilitamani wifi angekuwepo, dagaa wanashushwa kwenye mabeseni bado wanateleza, macho meusi meupe pembeni, harufu yao ni ya maji tu sio ya samaki. Nikanunua wabichi, kidogo nikapeleka nyumbani tukawakaanga hivyo hivyo na chumvi na ndimu, waliobaki nikamlipa mama mmoja mwenye kichanja aanike. Mvua ilikuwa inatishia mchana, akafunika, akafunua, siku ya pili jua likawaka vizuri. Alikuwa anawageuza kwa viganja viwili, polepole, kutoka kingo kuja katikati, na kila baada ya muda anachukua mmoja wa katikati anamkunja karibu na sikio lake. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akanipa mmoja nikakunja, akajikunja kama raba bila sauti. Akasema bado. Jioni ya siku ya pili akanipa mwingine, nikamkunja, akavunjika, ka! na ndani mweupe.

Hicho ndo kipimo, na hakihitaji mzani wala mtaalamu. Kunja mmoja, na usikunje wa juu, ingiza mkono mpaka chini ya kiroba utoe wa chini. Mkono wenyewe nao unapima, ukitoka na ubaridi na unanata, achana nao. Mchanga je? Omba bakuli la maji, tia konzi moja, koroga, subiri kidogo, angalia chini ya bakuli, mwenye mzigo safi hawezi kukunyima maji. Kama unataka wakubwa wa kukaanga rosti uliza lumbu, ni dagaa mwingine wa ziwa hili hili, mnene zaidi, wale wadogo wembamba ndo wale maarufu wa kutafuna.

Na kabla ya vyote hivyo, kabla hata hujakata tiketi, angalia mwezi angani. Mimi siku hizi mtu akiniambia anakuja namuuliza tarehe kwanza nahesabu. Ikiangukia mbalamwezi simwambii asije, namwambia atakula sombe, ugali wa muhogo, maharage ya Kasulu, kahawa ya Ujiji, migebuka akipata bahati, ila dagaa wa kubeba asubiri nimtumie. Kuna kitu kingine cha kuangalia pia, mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na nchi nyingine tatu za ziwa hili, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi ile mitatu watu waliosafiri kuja kula samaki wabichi walishangaa. Ziwa likipumzishwa hivyo uliza kwanza ndo upange safari, na tusilalamike, maana wavuvi wazee wanakwambia wenyewe mavuno ya sasa hayafanani na ya ujana wao.

Nilituma kilo 5 tu safari hii, kwenye kiroba kitupu juu ya karatasi za kaki, bila nailoni, na nikaandika juu kwa kalamu nene KIROBA KISILOWE, nikampa kondakta kwa mkono akakiweka juu ndani ya basi sio kwenye buti. Harufu haikumsumbua mtu, dagaa aliyekauka kweli harufu yake ni ndogo sana. Wifi alipofungua alinipigia video tena, roho ikanidunda, akachukua mmoja akamleta karibu na simu akamvunja nikasikia.

Akawapika vipi? Akatia nazi. Nilimwambia ajaribu mawese, chupa niliyompa bado anayo, akasema mawese anawekea sombe siku ya Ijumaa na wateja wameanza kuiulizia kwa jina hilo hilo, sombe, pale Ngamiani. Dagaa walimuishia siku nne. Juzi ameniandikia anataka kilo 20, na chini yake akaniuliza giza linaanza tarehe ngapi.